Riviu: ushauri wa bure wa WIPA kwa anayepokea hela ya ulemavu Marekani na anawaza kurudi kazini

Naanza na alama kabisa, nyota 4 kwa 5, na ile moja niliyoipunguza nitaieleza huko chini. Hii ni riviu ya huduma inayoitwa WIPA, kirefu chake Work Incentives Planning and Assistance. Ni ushauri wa bure, unalipiwa na Social Security, yaani ofisi ya serikali inayotoa mafao haya, kwa watu wanaopokea hela ya ulemavu hapa Marekani, iwe SSDI (ya aliyefanya kazi akachangia Social Security) au SSI (ya mwenye kipato na akiba ndogo), halafu wanajiuliza hivi nikirudi kazini itakuwaje. Naandika kwa Kiswahili makusudi, maana hili swali linarudi kila tukikutana, kanisani, msibani, kwenye harusi, na majibu yanayotolewa ni ya kutisha watu tu, eti fulani alifanya kazi wiki mbili wakamkata, fulani bima ikaondoka, na ukiuliza huyo fulani alikuwa anapokea SSDI au SSI hakuna anayejua. Na hizo ni hela mbili tofauti kabisa, sheria zake hazifanani.

Hali yangu kwa ufupi. Nilikuwa CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee, zile kazi za kunyanyua na kugeuza watu usiku kucha ambazo wengi wetu tunaanzia, mgongo ukaenda, nikapasuliwa, nikapata SSDI. Cheki yangu ni $1,340 kwa mwezi. Ukitoa kodi ya nyumba na ukamtumia mama kitu kidogo kule nyumbani, wiki ya mwisho ya mwezi inakuwa ndefu sana. Sasa ikatokea kliniki moja ya meno wananipa ofa ya kukaa mapokezi, kupokea simu na kupanga apointimenti, $17 kwa saa, masaa 20 kwa wiki, na meneja akasema nikizoea anaweza kuniongezea mpaka 24, hata ful taimu mbele ya safari. Kiti naruhusiwa kukiacha nisimame muda wowote mgongo ukikaza. Niliitaka ile kazi jamani, na siyo kwa hela tu, nilitaka kuamka asubuhi nikiwa na mahali pa kwenda na watu wa kuwasalimia.

Nyumbani hawakukubaliana. Shangazi akasema mwanangu usiache mbachao kwa msala upitao, hiyo cheki uliisubiri muda mrefu, usiichezee. Baba watoto yeye akasema twende tu, wakikata tutajua la kufanya. Nawapenda wote wawili ila hakuna aliyekuwa na namba mkononi, na mimi nilihitaji namba.

Unaipataje hii huduma: unapiga simu ya msaada ya Ticket to Work, mpango wa Social Security wa kusaidia wanaopokea hela ya ulemavu kurudi kazini, 1-866-968-7842, Jumatatu mpaka Ijumaa, saa mbili asubuhi mpaka saa mbili usiku kwa saa za mashariki mwa Marekani. Unawaambia unapokea nini na unafikiria kazi gani, wanakuelekeza kwa shirika la WIPA linalohudumia eneo lako. Wanaanza na watu ambao tayari wana kazi au wana ofa mkononi au wako mbioni kabisa kuipata, kwa hiyo kama una ofa iseme mwanzoni. Kama bado uko kwenye mawazo tu, hao hao wa simu ya msaada wanakujibu maswali ya jumla, usiogope kupiga. Na mkalimani ni haki yako, hulipi kitu, sema neno Swahili mara tu wanapopokea. Mkalimani wa kwanza niliyepewa alikuwa anaruka namba, mshauri anataja dola na miezi yeye anasema "kiasi fulani", nikaomba abadilishwe na wakabadilisha bila ubishi. Aliyefuata alikuwa baba mmoja, lafudhi ya Mombasa kabisa, kila tarakimu anairudia mara mbili. Kwenye mambo ya hela usimwonee haya mkalimani asiyeeleweka, mwambie arudie au umkatae.

Kitu cha kwanza mshauri alichofanya kilinipa imani naye. Hakuanza kunipa ushauri. Alinitumia fomu za ruhusa nisaini ili aagize kutoka Social Security karatasi inayoitwa BPQY, ambayo ni muhtasari wa rekodi yako yote: unapokea mafao ya aina gani, kiasi gani, Medicare (bima ya afya inayokuja na SSDI) ilianza lini, miezi mingapi ya majaribio umeshatumia (miezi ya kujaribu kazi huku cheki inaendelea, nitaieleza chini), wanapanga kukuhakiki afya lini, na mapato waliyonayo kwenye rekodi zao. Akasema mpaka hiyo karatasi ifike sitakwambia lolote, maana nikikisia nitakuumiza. Karatasi ilipofika tukakuta ile kazi ya jikoni shuleni niliyowahi kuijaribu ilikuwa imeshakula baadhi ya miezi yangu ya majaribio. Sasa fikiria mtu wa kwenye harusi anakwambia "unayo miezi tisa, kula raha", kumbe huna tisa. Hiyo karatasi peke yake ingetosha kuipa huduma hii nyota 3. Hata kama hutaki ushauri wa mtu unaweza kuiagiza mwenyewe Social Security.

Swali lake lililofuata silisahau. Aliniuliza, "Siku mgongo wako umeamka vibaya, siyo siku nzuri, unaweza kukaa kazini masaa mangapi?" Nikafikiria nikasema manne, labda matano. Akasema basi hesabu zetu zote tutazipigia hapo hapo kwenye siku mbaya.

Haya sasa namba, na hizi ni za 2025, zinabadilishwa kila Januari kwa hiyo ukisoma hii baadaye uliza za mwaka wako. Kwa mtu wa SSDI kuna namba mbili za kuziweka kichwani. Ya kwanza ni $1,160 kwa mwezi, kabla ya makato. Mwezi wowote ukipata zaidi ya hapo unahesabiwa kuwa mwezi wa majaribio. Unapewa 9, haihitaji kufuatana, inahesabiwa ndani ya kipindi cha miezi 60. Kwenye hiyo 9 cheki yako inakuja nzima, hata ukilipwa dola 5,000 kwa mwezi, mradi umeripoti kazi na ule ulemavu bado upo. Wengi wetu hatuijui hii kabisa. Sheria imekupa nafasi ya kujaribu ukiwa na cheki yako mfukoni.

Namba ya pili ni $1,620, na kwa mtu asiyeona kisheria ni $2,700. Hii inaanza kukuhusu miezi 9 ikishaisha, unaingia kipindi kingine cha miezi 36 na humo kila mwezi unaangaliwa peke yake: ukiwa juu ya $1,620 cheki ya mwezi huo hamna, ukiwa chini cheki inakuja, bila kuanza upya kuomba, bila yale mambo ya daktari na jaji. Na mara ya kwanza ukivuka wanakulipa bado mwezi huo na miwili inayofuata. Miezi 36 ikiisha ndiyo inakuwa kali, mwezi wa kwanza utakaovuka baada ya hapo mafao yanafungwa.

Sasa tukaiweka ofa yangu. Masaa 20 kwa $17 ni $340 kwa wiki, zidisha wiki 52 gawanya kwa 12, inatoka $1,473 kwa mwezi. Iko juu ya $1,160, kwa hiyo kila mwezi itakula mwezi wa majaribio, sawa. Ila iko chini ya $1,620, kwa hiyo hata majaribio yakiisha cheki yangu inaendelea, $1,473 na $1,340, jumla $2,813 kabla ya kodi. Masaa 24 je? $408 kwa wiki, $1,768 kwa mwezi. Imevuka. Majaribio na ile miezi mitatu ya mwisho ikiisha nabaki na $1,768 peke yake. Yaani masaa manne ya ziada kwa wiki yananiongezea kama $295 na yananiondolea $1,340! Nilikaa kimya kwenye simu mpaka mkalimani akauliza kama bado nipo. Na ful taimu, masaa 40, inatoka $2,947. Kwa hiyo masaa 20 na cheki inakaribiana na masaa 40 bila cheki, na ule mgongo wangu wa masaa 40 haupo.

Tukapima na 22 kwa sababu meneja alikuwa ameigusia. Inatoka $1,620 na senti 67. Imevuka kwa senti! Hapo ndipo akanieleza kitu ambacho sijawahi kusikia mtu wa kwetu akikitaja, kwamba gharama unazolipa mwenyewe kwa sababu ya ulemavu wako na unazihitaji ili uweze kufanya kazi zinaweza kutolewa kwenye mapato kabla hawajakupima na $1,620. Mimi nalipa kama $90 kwa mwezi ya dawa na vifaa vya mgongo ambavyo bima haivibebi. Toa hiyo, nashuka mpaka $1,530 na kitu, niko chini. Lazima uwe na risiti, lazima iwe umelipa wewe na hakuna aliyekurudishia, na Social Security ndio wanaoikubali au kuikataa, siyo wewe wala mshauri. Halafu akaniongezea kwamba hiyo ya kutoa gharama haifanyi kazi kwenye ile $1,160 ya majaribio, pale wanaangalia mapato yote kabla ya kutoa chochote. Mtu anayekuwekea na vipengele vya kukukwaza namna hiyo namwamini kuliko anayekupa mazuri matupu.

Jambo jingine dogo la kwenye peislipu. Ukilipwa kila wiki mbili, kuna miezi inaangukiwa na malipo matatu, na mimi hapo nitaonekana nimepata $2,040. Akasema tunza kila peislipu, hasa ile sehemu inayoonyesha ulifanya kazi kuanzia tarehe gani mpaka gani, ili likitokea swali uonyeshe kazi ilifanyika mwezi upi. Nimenunua faili, zote zinaingia humo.

Bima ndiyo iliyokuwa inaninyima usingizi kuliko cheki. Upasuaji wangu ulilipwa na Medicare na najua bili yake ilikuwaje. Kumbe kwa mtu wa SSDI, hata cheki ikisimama kwa sababu ya kazi, Medicare inaendelea angalau miezi 93 baada ya majaribio, hiyo ni miaka 7 na miezi 9, mradi ulemavu bado upo. Part A, ile ya kulazwa hospitali, bila malipo, Part B, ile ya madaktari, unaendelea kuilipia, $185 kwa mwezi kwa 2025. Na hapa shika hili: ukiwa na cheki Part B inakatwa humo humo wala huioni, cheki ikisimama wanaanza kukutumia bili ya miezi mitatu kwa pamoja, ambayo ni $555. Usipojua utaiona barua utadhani ni matapeli, utaiweka pembeni, na Part B itakatika. Mshauri alinitajia hii bila mimi kuuliza.

Na nikianguka tena je? Mgongo ukikataa kabisa baada ya mafao kufungwa? Ndani ya miaka 5 tangu yafungwe unaweza kuomba kurejeshwa kwa haraka, bila ombi jipya, kama huwezi tena kufanya kazi ya kiwango kile kwa ugonjwa ule ule au unaohusiana nao. Wakati wanachunguza wanaweza kukulipa mpaka miezi 6 na bima inakuwepo. Shangazi nilipomsomea hii akavua miwani akasema soma tena.

Hofu nyingine ya mitaani ni kwamba ukianza kazi tu wanakuita kukupima upya. Kwa aliyepokea SSDI angalau miezi 24, kufanya kazi peke yake hakuruhusiwi kuwa sababu ya kuanzisha uhakiki wa afya. Uhakiki wa kawaida wa ratiba bado utakuja, usijidanganye, ila siyo kwa sababu umekaa mapokezi kliniki.

Kwa wenye SSI niseme kidogo, mimi siyo wa SSI lakini jirani yangu ni wa huko na nilimsukuma naye akapiga simu. Kwao hakuna miezi ya majaribio, hesabu inaanza mwezi wa kwanza kabisa. Wanatoa $20, wanatoa $65, kinachobaki wanakigawa kwa mbili, hiyo nusu ndiyo inayopunguzwa kwenye SSI. Kwa hiyo mtu anayepokea SSI kamili ya 2025, $967, akipata mshahara wa $1,000: toa 20, toa 65, inabaki 915, nusu yake 457.50, SSI inashuka mpaka $509.50. Jumla mkononi $1,509.50. Hajapoteza, ameongeza kama $540. Yule dada alikuwa amekataa kazi akiamini kila dola atakayopata inakatwa dola. Na Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato kidogo, inaweza kuendelea hata SSI ikifika sifuri kwa sababu ya mshahara, mpaka kiwango cha mapato ambacho kila jimbo lina chake. Ila SSI ina lile sharti la akiba, $2,000 kwa mtu mmoja na $3,000 kwa mke na mume, ukiweka mshahara benki ukajaa unapita mpaka. Muulize mshauri akaunti ya ABLE, nayo ina masharti yake ya umri ulemavu ulipoanza. Na ripoti ya mshahara kwa SSI isipite tarehe 10 ya mwezi unaofuata.

Sasa tofautisha WIPA na mashirika ya Ticket to Work yanayokutafutia kazi, yale wanaita Employment Network. Sheria ya Ticket to Work ilisainiwa na Rais Clinton Desemba 1999, mpango ni kwa watu wa miaka 18 mpaka 64, hiari na bure. Unalipa shirika tiketi yako, yaani ile haki yako ya kusaidiwa na mpango huu, wanakusaidia kutafuta kazi au mafunzo, na ukiwa unaitumia na unapiga hatua zinazotakiwa kwa wakati, hawakuanzishii uhakiki wa afya. Faida kubwa hiyo, ila kama uhakiki ulishaanza kabla hujaikabidhi tiketi hausimami. Kuna shirika moja la namna hii nilizungumza nalo, silitaji jina, simu ya kwanza tu wananiambia nisaini tiketi leo na nilenge ful taimu kwa sababu "hela ya serikali haikupeleki popote". Hawakuuliza napokea nini wala mgongo unasemaje. Nilikata. Baadaye nikaelewa mfumo wenyewe: haya mashirika hulipwa na Social Security mtu wao anapofikia viwango fulani vya mapato, kwa hiyo wao ukipata zaidi ndiyo wanalipwa. Mshauri wa WIPA hapati hela kutokana na mimi kuvuka $1,620 au kutovuka. Siyo kwamba mashirika yote ni mabaya, yapo yanayosaidia watu kwa moyo na mengine yana washauri wao wa mafao, na ukiikabidhi tiketi usiporidhika unaweza kuiondoa ukaipeleka kwingine. Ninachosema ni ufuate mpangilio, hesabu kwanza, tiketi baadaye.

Ile nyota moja. Shirika lililonihudumia walinitumia ripoti ya maandishi, nzuri, ndefu, imejaa kila tulichozungumza, lakini Kiingereza kitupu na cha kisheria. Simu ilikuwa na mkalimani, karatasi haikuwa. Ilibidi kijana wangu wa hai skuli akae nami tuipitie aya kwa aya, na mtu ambaye hana mtoto wa kumsomea atafanyaje? Omba kabla hawajafunga faili lako wapange simu nyingine ya kukusomea ripoti na mkalimani, mimi nilipoomba walikubali, ila isingepaswa kuwa kitu cha kuomba. Na kusubiri kulikuwepo, kati ya simu ya kwanza na kupata jibu kamili meneja wa kliniki alikuwa ameanza kuuliza vipi dada unakuja au huji. Kama una ofa, mwambie mwajiri mapema kwamba unahitaji muda wa kupanga mambo yako, si lazima umwambie ni mafao.

Kitu kingine, usipowauliza kuhusu misaada mingine wanaweza kukazania SSDI tu. Mimi nilitaja nyumba na SNAP, ule msaada wa chakula, mwenyewe. Kwenye nyumba za ruzuku kodi hupigwa kwa asilimia 30 hivi ya mapato baada ya makato yao, kwa hiyo mshahara ukiingia kodi inapanda, na msaada wa chakula unashuka. Kwangu hilo liliondoa sehemu ya faida niliyokuwa nimeshaanza kuipangia. Bado inalipa kufanya kazi, lakini ile $2,813 siyo ya kushika yote, na ningependa mshauri aiweke mezani tangu mwanzo. Orodhesha kila kitu unachopata, mpaka punguzo la umeme, umsomee.

Pia ujue kwamba WIPA hawakutafutii kazi, hawakuripotii mapato yako, na hawawezi kubadilisha uamuzi wa Social Security. Kuripoti ni wewe: siku unayoanza, mshahara, masaa yakibadilika, ukiacha. Kwa simu, ofisini au kwa akaunti yako ya mtandaoni, na kila ukiripoti wanatakiwa wakupe risiti, idai uiweke kwenye faili. Hii ya kuripoti ndiyo mzizi wa zile hadithi za kutisha za harusini. Cheki zinaendelea kuja miezi mingi mtu ameshavuka, yeye anadhani yuko sawa maana hela inaingia, halafu inakuja barua ya kudaiwa zote kwa mkupuo. Cheki kuingia benki siyo ushahidi kwamba ni halali yako. Nikijua mwezi fulani nimevuka na majaribio yameisha, hela yake naiweka pembeni siigusi. Na barua ya kudaiwa ikija, una siku 60 za kukata rufaa, na ipo fomu SSA-632 ya kuomba usamehewe deni kama siyo kosa lako na huna uwezo, usiitupe barua kwenye droo.

Uamuzi wangu: nimechukua kazi, masaa 20, na nimemwambia meneja kabisa kwamba asiniwekee zaidi ya 20 bila kuniuliza kwanza. Amekubali. Siku mbaya zipo, juzi nilikaa nusu ya shifti nimesimama nyuma ya kaunta nikipokea simu, lakini nimerudi nyumbani kwa miguu yangu. Shangazi anauliza kila mwezi kama cheki imeingia, nami namwonyesha kwenye simu.

Nani namwambia aitumie hii huduma: kila mwenye SSDI au SSI kuanzia miaka 14 mpaka umri wa kustaafu ambaye hata wazo la kazi limempitia, na hasa aliyeanza kufanya kazi tayari na hajaripoti bado. Wewe usichelewe, piga wiki hii. Nani nisimsukume: mwenye ugonjwa ambao bado haujatulia, aliye katikati ya matibabu, maana hakuna sheria inayokulazimisha kurudi kazini na namba hizi zitakuwepo ukipona. Kuna dada mmoja wa hapa kwetu alipiga hesabu zote na mshauri akaamua kubaki na cheki yake kwa sasa, na kwa figo zile naona ameamua vizuri kabisa.

Ukipiga simu uwe na vitu hivi karibu: namba yako ya Social Security, barua ya mafao ya karibuni, ofa ya kazi yenye mshahara kwa saa na masaa kwa wiki, na orodha ya dawa unazolipia mwenyewe. Na dakika ya kwanza kabisa, kabla hujajieleza, omba mkalimani wa Kiswahili.